Nina amri ya mahakama, lakini mtalaka wangu hanipi nafasi ya kumwona mwanangu: nifanye nini?

"Ndoa yetu ilivunjwa na mahakama ya mwanzo jijini Dar es Salaam mwaka juzi. Mtoto wetu wa kike, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne, alibaki kwa mama yake. Mimi niliamriwa kutoa matunzo ya shilingi 150,000 kila mwezi, na hukumu ikasema nitakuwa na haki ya kumwona mtoto 'kwa nyakati muafaka'. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Baadaye mwenzangu alihamia Morogoro kwa wazazi wake, na tangu hapo kila nikitaka kwenda naambiwa mtoto anaumwa, au ana mtihani, au wamesafiri. Huu ni mwezi wa tano sijamwona, na simu zangu hazipokelewi. Mwezi uliopita na huu sikutuma fedha, nikidhani atanitafuta mwenyewe. Ndugu zangu wanasema nisubiri tu, kwa kuwa mtoto akitimiza miaka saba sheria itamrudisha kwangu. Rafiki mmoja ananishauri niende na polisi. Mwingine anasema nimfuate shuleni nimchukue, kwa kuwa ni damu yangu. Nifanye nini?"

Ndugu yangu, swali lako hufika ofisini kwangu kwa sura nyingi, na hawaliulizi akina baba peke yao. Wapo akina mama ambao watoto wao walichukuliwa na upande wa baba wakapelekwa kwa bibi kijijini, nao wanahangaika kama unavyohangaika wewe. Nikikuelewa vyema, unauliza mambo mawili: ikiwa mahakama imekwisha kusema unayo haki ya kumwona mwanao, kwa nini haki hiyo haitekelezwi, na ukiamua kujitekelezea mwenyewe, je, utakuwa umekosea? La pili lina jibu fupi: utakuwa umekosea, na wa kwanza kuumia utakuwa wewe. La kwanza ndilo linalohitaji maelezo, na kiini chake kimo katika maneno mawili uliyoyanukuu mwenyewe kutoka kwenye hukumu: "nyakati muafaka".

Kabla sijafika huko, sina budi kuanza na jambo ambalo huenda hutalipenda. Tuma matunzo ya miezi hiyo miwili, tena uyatume wiki hii. Naelewa hasira iliyokufikisha hapo, lakini mbele ya sheria umechanganya vitu viwili visivyobadilishana. Matunzo ni ya mtoto, na ziara pia ni za mtoto. Mama hana ruhusa ya kuzuia ziara kwa sababu fedha hazijaja, wala baba hana ruhusa ya kuzuia fedha kwa sababu ziara zimezuiwa. Mtoto anakula kila siku, awe amekuona au hajakuona. Zaidi ya hayo, mtu anayekwenda kulalamika kwamba amri ya mahakama haitiiwi huulizwa kwanza kama yeye mwenyewe ameitii, na wewe leo huna jibu la kutoa. Mwenzako akifungua maombi ya kukazia hukumu, yaani kuiomba mahakama ilazimishe itekelezwe, kwa ajili ya matunzo kabla hujafungua ya kwako, utaingia mahakamani ukiwa mdaiwa, na kilio chako kuhusu mtoto kitasikika kama kisingizio. Tuma kwa njia inayoacha kumbukumbu, iwe benki au mtandao wa simu, na utunze ujumbe wa muamala.

Sasa nije kwenye suala la miaka saba, ambalo limewapoteza wengi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu ambacho sisi mawakili tumezoea kukitaja kwa namba 125, inaweka dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni vyema akae na mama yake. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inairudia. Hakuna mahali sheria hizo zinaposema kwamba siku mtoto anapotimiza miaka saba anahamia kwa baba. Kinachotokea ni kwamba dhana ile inaondoka, na mahakama, ikiombwa, inapima mambo yote bila kuegemea upande wowote kwa sababu ya umri. Tena sheria hiyo hiyo inaitaka mahakama izingatie ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha kutoka kwa anayemlea. Kwa hiyo kila mwezi unaosubiri bila kufanya lolote, mtoto anazidi kuzoea maisha ya Morogoro, na hoja ya kutomvuruga inazidi kumfaa mwenzako. Nadhani imani hii imetokana na mila za koo zinazomhesabu mtoto kuwa wa baba, ikachanganyika na mafundisho ya dini yaliyosikika nusu. Lakini hata katika fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, umri wa kupambanua ambao kwa kawaida hutajwa kuwa miaka saba ni umri wa mtoto kupewa nafasi ya kuchagua, si umri wa kuchukuliwa.

Kuhusu polisi, askari hana kazi ya kutafsiri hukumu ya ndoa na kuamua kama Jumamosi hii ni wakati muafaka. Dawati la Jinsia na Watoto lililopo katika vituo vingi ni mahali sahihi pa kwenda ikiwa mtoto anapigwa, ananyimwa chakula, amefichwa kusikojulikana au yuko hatarini kwa namna nyingine. Kwa ziara iliyokataliwa, watakusikiliza, pengine watampigia mwenzako simu, kisha watakuelekeza ustawi wa jamii au mahakamani, na hapo hawatakuwa wamekukosea.

Shauri la kumfuata shuleni ndilo linalonitisha kuliko yote. Haki ya kukaa na mtoto imekabidhiwa kwa mama kwa amri halali, na Sheria ya Mtoto inakataza mtu yeyote kumwondoa mtoto isivyo halali kutoka kwa mwenye haki hiyo. Kuwa baba mzazi hakukuondoi katika neno "yeyote". Ukimchukua getini na kupanda naye basi la Dar es Salaam, jioni hiyo utakuwa mtuhumiwa, na kuanzia kesho yake kila ombi lako la kukaa na mtoto, hata kwa saa mbili, litajibiwa kwa kukumbushwa siku hiyo. Hapo sijamtaja mtoto mwenyewe, atakayekuwa amebebwa mbele ya wenzake na mtu ambaye hajamwona kwa miezi mitano.

Turudi kwenye amri yako. Sheria ya Ndoa inaiwezesha mahakama kumpa mzazi asiyekaa na mtoto haki ya kumwona kwa nyakati na idadi ya ziara ambayo mahakama itaona inafaa. Yaani sheria ilitarajia mahakama ndiyo ipange. Katika hukumu nyingi, hasa pale wazazi walipokuwa bado wanasikilizana siku ya kusomwa, maneno ya sheria yananakiliwa jinsi yalivyo, na kazi ya kupanga inaachiwa wazazi wenyewe. Amri ya namna hiyo haina kasoro maadamu watu wanaelewana. Wakikosana, inabaki na mifupa bila nyama. Fikiria unavyosimama mbele ya hakimu kusema kwamba mwenzako amekaidi. Atakuuliza amri ilimtaka afanye nini, siku gani, saa ngapi, wapi. Utasema "nyakati muafaka". Mwenzako atajibu kwamba Jumamosi ile mtoto alikuwa na homa na ile nyingine alikuwa na mtihani, hivyo hazikuwa muafaka, na kwa maneno ya amri jinsi yalivyo si rahisi kumwita mwongo.

Ili mtu ahesabiwe kuwa amekaidi amri, ni lazima ionekane kwamba amri ilikuwa wazi, kwamba aliijua, na kwamba aliivunja kwa makusudi ilhali alikuwa na uwezo wa kuitii. La pili kwako halina shaka, kwani hukumu ilisomwa mbele yenu wote wawili. La kwanza ndilo linalokuangusha, na likianguka hilo, la tatu haliwezi kusimama peke yake. Ndiyo maana ushauri wangu si kwamba ukimbilie kuomba mwenzako aadhibiwe. Rudi kwanza katika mahakama iliyotoa hukumu, uombe amri irekebishwe na ipewe ratiba. Sheria inaruhusu amri za uangalizi, yaani nani akae na mtoto, na za matunzo yake kubadilishwa wakati wowote pale hali inapokuwa imebadilika kwa kiasi kikubwa, na mzazi mmoja kuhama kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na mtoto ni badiliko ambalo sidhani kama hakimu atalibeza.

Katika ombi hilo usiandike tena maneno ya jumla. Pendekeza ratiba ambayo mtu asiyewajua nyote wawili anaweza kuisoma na kusema kama imetimizwa au haikutimizwa. Kwa hali yako ningeandika hivi: kwamba baba atakaa na mtoto Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi, kuanzia saa 4:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni, Morogoro, kwamba mtoto atakabidhiwa na kurudishwa mahali palipotajwa kwa jina, mbele ya ndugu mmoja ambaye pande zote zinamkubali, kwamba atazungumza na baba yake kwa simu kila Jumatano na Jumapili saa 1:00 jioni, na ni namba ipi itapigwa, kwamba baada ya miezi mitatu ya ziara za mchana ataanza kulala kwa baba wakati wa likizo, wiki moja mwezi Juni na wiki mbili Desemba, kwamba ziara iliyokwama kwa ugonjwa itafidiwa Jumamosi inayofuata, na mama ataonyesha cheti cha kliniki, na kwamba kila mzazi atamjulisha mwenzake kwa maandishi siku 14 kabla ya kuhama. Utaona nimeanza na mchana kabla ya usiku, na Morogoro kabla ya Dar es Salaam. Mtoto wa miaka sita ambaye hajakuona kwa miezi mitano anahitaji kukuzoea upya katika mazingira anayoyajua, na hakimu atakuamini zaidi ukiomba kidogo kinachoongezeka kuliko ukiomba likizo nzima mara moja. Nauli ya kila wiki mbili itakuuma, lakini siku hizi ukipanda treni ya asubuhi unaweza kurudi siku hiyo hiyo.

Sambamba na hilo, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anakoishi mtoto. Watu wengi humwona afisa huyu kama hatua ya kupitia tu ili waandikiwe barua, nami naona ni makosa. Anaweza kuwaita nyote wawili, kwenda nyumbani kumwona mtoto, kuzungumza naye bila ninyi kuwapo, na kuiandikia mahakama taarifa ambayo hakimu huipa uzito mkubwa kwa kuwa haikuandikwa na mmoja wa wagomvi. Mnaweza hata kufikia makubaliano mezani kwake. Tambua tu kwamba makubaliano yaliyosainiwa ofisini kwa ustawi hayana meno yakibaki hapo. Yapelekeni mahakamani yasajiliwe kuwa amri, vinginevyo mwezi wa sita utaniandikia swali lile lile. Kwa kuwa shauri lenu lilianzia Dar es Salaam, ulizia Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kilichopo Temeke, ambacho tangu mwaka 2021 kinashughulikia mirathi, ndoa na masuala ya familia. Hapo ngazi kadhaa za mahakama na maofisa ustawi wako chini ya paa moja, na watakueleza faili lako lilipo na fomu gani ujaze.

Amri ikishakuwa na ratiba na bado ikavunjwa, basi njia ya nguvu iko wazi. Utafungua maombi ukieleza kwa kiapo kila tarehe iliyovunjwa, mwenzako ataitwa ajieleze, na mahakama, kulingana na ngazi yake, inaweza kumwonya, kumtaka atoe ahadi, kumtoza faini, na mwisho kabisa kumfunga kwa kuidharau. Nataka uwe na picha ya kweli kuhusu hatua hiyo ya mwisho. Mahakimu husita sana kuichukua, na sababu yao ni ya msingi: mama akifungwa, usiku huo mtoto atalala wapi, na akikua ataambiwa nani alimfungisha mama yake? Mara nyingi ule wito wenyewe, na kusimama mbele ya hakimu kuulizwa kuhusu Jumamosi ya tarehe fulani, hutosha. Kuna pia ombi la kubadilisha uangalizi wenyewe ili mtoto ahamie kwako, kwa hoja kwamba mzazi anayemkatia mtoto uhusiano na mzazi mwenziwe haangalii maslahi ya mtoto huyo. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inahitaji rekodi ndefu ya ukaidi wa upande wa pili na rekodi safi ya upande wako. Leo huna hata moja kati ya hizo. Ukiifungua sasa, nadhani utashindwa.

Kwa hiyo anza kuiandika rekodi hiyo leo. Nunua daftari dogo. Andika tarehe uliyoomba ziara, ulivyoomba, na ulivyojibiwa. Badala ya kupiga simu zisizopokelewa, tuma ujumbe wa maandishi wa adabu na mfupi, unaotaja siku na saa, kwa mfano: "Mama Neema, naomba kuja kumwona mtoto Jumamosi tarehe 8, saa 4:00 asubuhi. Kama haifai, naomba unipe siku nyingine wiki hiyo." Usiandike lolote ambalo ungeona haya likisomwa kwa sauti mahakamani, kwa sababu linaweza kusomwa. Ujumbe wa simu unapokelewa kama ushahidi tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ila usiufute kwenye simu iliyoupokea, na usibadilishe simu hiyo kwa pupa; picha ya kioo cha simu (screenshot) pekee huzua maswali kuhusu uhalisi wake.

Lipo jambo ambalo hukuliandika, na siwezi kujibu swali lako kwa uaminifu bila kuligusa. Kwa nini anakataa? Wakati mwingine ni uchungu wa ndoa iliyovunjika, au shinikizo la wazazi wake, na wakati mwingine ni hofu kwamba ukimchukua mtoto kwa siku moja hutamrudisha, hofu ambayo wale wanaokushauri umfuate shuleni wanaithibitisha. Lakini mara nyingine mama anakataa kwa sababu alipigwa, au kwa sababu mtoto alirudi kutoka ziara ya mwisho akiwa na jambo lililomtisha. Kama kuna chochote cha namna hiyo, ni afadhali ukiseme wewe kwa wakili wako kabla hakijasemwa na upande wa pili, na uombe mwenyewe ziara zenye uangalizi, mbele ya afisa ustawi au ndugu wa kuaminika. Ziara za namna hiyo hazimdhalilishi mzazi. Nimewaona akina baba waliozianza kwa kununa na baada ya miezi michache zikaondolewa kwa ridhaa ya mama mwenyewe. Na ikiwa ni mtoto anayekataa kukuona, usidhani moja kwa moja kwamba amefundishwa. Huenda amefundishwa, huenda pia anakukasirikia kwa kutoweka, kwa kuwa hakuna aliyemweleza kwamba ulizuiwa.

Sehemu kubwa ya haya unaweza kuyafanya bila wakili. Shauri la mahakama ya mwanzo limejengwa kwa ajili ya mtu anayejisemea mwenyewe, kwa Kiswahili. Ikiwa uwezo wa fedha ni mdogo, wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na ofisi ya halmashauri itakuonyesha walipo. Lakini usiendelee peke yako, tafuta wakili wa kukaa naye ana kwa ana, ikiwa umeshtakiwa au unatuhumiwa kwa ukatili. Ikiwa unasikia mtoto anaandaliwa pasipoti au safari ya nje ya nchi, kwa kuwa mahakama inaweza kuzuia safari hiyo lakini ni lazima iombwe haraka. Au ikiwa shauri linahusisha Zanzibar, ambako kuna sheria yao ya mtoto ya mwaka 2011 na Mahakama za Kadhi. Ikiwa wakati wowote una sababu ya kuamini mtoto anaumizwa, usisubiri ratiba wala wakili: piga 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto, au nenda kituo cha polisi kilicho karibu naye.

Utakapokwenda mahakamani chukua nakala ya hukumu iliyogongwa mhuri, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kumbukumbu za fedha ulizotuma tangu hukumu pamoja na ile miezi miwili utakayokuwa umelipa, na ratiba unayoipendekeza ikiwa imeandikwa kwenye karatasi moja. Mpe karani nakala tatu. Na ule ujumbe wa kuomba Jumamosi, hata kama unajua hautajibiwa, utume leo.